Nyongeza

Mawe yako ya mizani bado yamo ndani ya soksi,
ile ya kijivu, ya mguu wa kushoto;
ya kulia sijui iliishia wapi.
Kilo, nusu, robo,
na kijiwe cha gramu hamsini ulichokiita kitindamimba.

Marikiti walikuita Fundi.
Mama alikuita Mwakio akiwa na hasira,
Baba Mghoi akiwa na haja.
Mimi, shuleni, sikukuita chochote.
Nilisema baba yangu ni afisa wa vipimo, yuko wizarani,
ana tai.
Ulikuwa na tupa, bisibisi na chupa ya mafuta taa.
Ulikuwa na kucha nyeusi,
na saa kumi na moja alfajiri ulishaipita Barabara ya Jogoo kwa miguu
kabla malori ya viazi kutoka Kinangop hayajafungua turubai.
Hili sikuwahi kukuambia.
Nalisema sasa kwa kuwa hujibu.

Ulinifundisha kugonga kioo kwa ukucha, mara mbili,
kabla ya kusoma mshale.
"Usiuamini upesi. Mshale nao huona haya mbele ya wageni."
Ulinionyesha sumaku iliyobandikwa chini ya sahani,
shilingi iliyochomekwa kwenye springi,
na dole gumba la mama wa vitunguu
linavyopumzika pembeni kama halina kazi.
Hukumshtaki. Ulimtengenezea mizani yake,
ukamtazama mpaka akacheka mwenyewe,
akakufungia vitunguu vitatu kwenye gazeti.
"Viwili ni asante," ulimwambia Mama jioni,
"cha tatu ni aibu. Anza kupika hicho."

Kenyatta, orofa ya saba.
Muuguzi alikupandisha kwenye mizani,
yeye kakushika kwapa hili, mimi lile.
Arobaini na tatu.
Ukainama, na kuinama kulikuchukua muda wa chai kupoa,
ukagonga kioo mara mbili.
"Sista, mizani yako inanipendelea.
Ondoa kilo moja na nusu."
Akacheka. Nikacheka.
Akaandika arobaini na tatu.

Daktari alisema hutafika Pasaka.
Ukafika. Ukaipita kwa siku kumi na moja.

Nyanya zikishapimwa, sahani ikishatulia,
mchuuzi huokota moja zaidi akaitumbukiza mfukoni
bila kuutazama mshale.
Hiyo ndiyo nyongeza, nawe ulinikataza kuiomba.
Nilipewa siku kumi na moja, Baba, bila kuomba,
na nane kati yake nilikuwa Viwandani
nikifunga hesabu za mwezi,
nikikupigia simu saa saba kuuliza umekula nini,
jicho kwenye saa ya ukutani.
"Uji," ulisema. Kila siku, uji.
Siku ya tisa ukasema,
"Njoo uniambie mvua imefika wapi."
Nikakuambia papo hapo, kwenye simu,
kwamba imefika Mlolongo.

Mwalimu alitufundisha kwamba mashairi nayo yana mizani,
nane kwa nane, na vina vikae mahali pake.
Nimejaribu.
Kila ubeti wako unapungua, au mimi ndiye ninayeegemeza dole.

Hapa Kaloleni, jikoni, ipo ile mizani ya uso wa saa
uliyoitengeneza na mwenyewe hakurudi kuidai.
Mama huwekea juu yake karai la unga.
Usiku huu nimelishusha karai,
nikaweka soksi nzima kwenye sahani, na mawe yake ndani.
Mshale ukakimbia, ukatetemeka, ukasimama.
Nikagonga kioo mara mbili.

Kilo moja, gramu mia nane,
na zaidi kidogo.
Hicho kidogo ni soksi.