Kituo Kinachofuata

Kwanza nachomoa friji.
Inanguruma kidogo tu, kama paka aliyeshiba,
lakini Onni anasema maikrofoni haina adabu,
husikia hata isivyoambiwa.
Funguo za gari naziweka humo ndani, juu ya siagi,
nisije nikaondoka bila kuichomeka tena
kama wiki iliyopita, samaki wote wakaoza.

Kisha naingia kabatini.
Makoti ya baridi kushoto, makoti ya baridi kulia,
la marehemu baba bado linanuka lami na tumbaku.
Sufu hula mwangwi.
Soksi yangu ya nailoni nimeivalisha henga,
inasimama mbele ya mdomo kupokea makofi ya P,
na mji huu una P tele: Pajakatu, Puistola, Pappilantie.

Kampuni ya mabasi haina pesa ya mtangazaji.
"Sirkka," meneja alisema, "wewe si una mdomo?"
Miaka kumi na tisa nauza tiketi dirishani,
leo ndiyo kauona.

Vituo arobaini na kimoja.
"Tabasamu," Onni ananiambia kwenye simu, "tabasamu linasikika."
Natabasamu gizani.
"Tafuna tufaha, mate yasilie." Natafuna.
"Usisome, shangazi. Mwambie mtu mmoja."
Mtu gani? Nachagua koti la baba.
Naliambia: kituo kinachofuata, Hospitali.
Halishtuki.

Onni ana miaka kumi na saba, mtoto wa kaka yangu.
Anaikalia sauti yangu kama fundi cherehani na kitambaa cha watu.
Anakata chini, mngurumo wa mabomba.
Anabana palipopanda, anainua palipozama,
hadi hasira na usingizi vinakuwa kimo kimoja.
Anapaka besi, kama siagi kwenye mkate mkavu.
S zangu zilikuwa zikiruka kama mafuta kikaangoni; anazifunika.
Pumzi anazifyeka moja moja.
"Kwani mtangazaji hapumui?"
"Anapumua," anasema. "Ila si mbele za watu."

Kimoja kilitushinda: Haapalahti,
nilikozaliwa.
Kule tunalivuta jina mwanzoni, kisha tunameza mkia,
hata mchungaji madhabahuni.
"Tena," Onni alisema. "Tena. Kama redioni."
Mara ishirini na mbili.
Mwisho akachukua Haa ya mara ya tatu,
pa ya mara ya kumi na nne,
lahti ya mwisho kabisa, nimeshakasirika,
akavishona, na mshono hauonekani.
Hakuna aliyewahi kulitamka hivyo jina hilo.
Ni sahihi.

Februari, nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
nilipanda namba nne nikakaa nyuma.
Yule mwanamke akaanza kusema.
Ana kifua kipana, amelala vizuri, hadaiwi na mtu.
Mzee Taisto, ambaye kila Jumatatu
husukuma sarafu dirishani kwangu bila kuinua macho,
alisikia "Hospitali", akakamata fimbo yake,
akaiambia dari ya basi: "Asante."

Dereva mpya alinitazama kwenye kioo.
"Unamjua huyu?"
"Nasikia ni mtu wa Helsinki."
"Nilijua," akasema. "Huyu kasoma."
Tulipofika Haapalahti nilijitamkia chinichini, kwa kumeza,
nikashuka.

Usiku Onni akanitumia faili jingine, bila maelezo.
Zile pumzi alizofyeka, amezipanga mfululizo,
dakika mbili na sekunde kumi na moja.
Nilizisikiliza nikimenya viazi.
Kama mtu anapanda ngazi na mzigo,
anatua, anapanda, anatua.
Karibu na mwisho kuna kitu kimenaswa, haa,
sijui ni pumzi
au ni mwanzo wa jina.
Nimerudisha nyuma mara tatu.
Viazi vimechemka, maji yamemwagikia jiko.