Kilomita za Ateenyi

Dalali Ssebuliba hupiga simu kila Jumatatu,
chai yangu haijapoa,
na salamu yake ni moja tu: "Imetembea?"
kama daktari anayeulizia choo cha mtoto.

Haijatembea, namwambia.
Elfu sitini na moja, mia nne na nane,
tarakimu zile zile tangu mvua za mwaka juzi.
"Safi. Waache matajiri wa Nairobi washindane.
Kila kilomita unayoila, mzee, ni pesa inakutoka."

Unayoila.
Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa ngege.

Ni Datsun ya mwaka sabini na mbili, milango miwili,
rangi ya chungwa, boneti ndefu
kama pua ya mbwa aliyesikia harufu ya nyama.
Niliinunua kwa kiinua mgongo cha kiwanda cha chai.
Mgongo haukuinuka, lakini kitu kingine kiliinuka,
na hapa Fort Portal kiumbe asiye na empaako ni mgeni,
kwa hiyo nikaipa: Ateenyi,
jina la nyoka wa mtoni,
kwa jinsi inavyojikunja konani.
Kisha nikaifunika shuka la kitanda
nikaifungia na magunia ya maharage.

Usiku nilipiga hesabu nyuma ya kalenda ya kanisa.
Kufika sokoni Mugusu na kurudi: beberu mmoja.
Harusi ya Kicwamba: karo ya mjukuu, nusu muhula.
Harusini tukaenda kwa bodaboda,
Kabasinguzi ameshikilia mtandio kwa meno,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.

Ndiye aliyesema, akikwangua ukoko wa sufuria,
bila hata kunitazama:
"Mimi nimezaa watano, nimelima, nimezika.
Kama thamani ni kutotembea,
mimi ungeniuza kwa vyuma chakavu."

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwa na gasketi.
Nilipofunua shuka, mipira ya milango
ilikuwa imepasuka kama nyayo za mkulima,
panya amezalia ndani ya kiti cha abiria,
petroli inanuka vanishi.
Haikutembea, na bado ilikuwa inakwenda,
inakwenda zake kule kusikohitaji barabara.

Siku tatu fundi Masereka alilala chini yake,
miguu tu ikionekana.
Siku ya nne akatoka, akajifuta, akasema: "Washa."

Jumatatu simu ililia mfukoni
tumeshapita Karugutu, mlima umetushika,
gia ya tatu, ya pili, kona ya kushoto,
mitungi sita inasafisha koo kwa pamoja
na bonde la Semliki limeanguka huko chini, kijani,
mbali kuliko nilivyokumbuka.
Kabasinguzi alikuwa ameng'ang'ania dashibodi.
Kona ya tano akaiachia.
Kona ya sita akacheka, kicheko
nilichokisikia mara ya mwisho kabla ya watoto.

Halafu lori la kakao. Jiwe. Tik.

Nikasimama. Nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikapangusa:
kidonda cha ukubwa wa harage, chuma kitupu kinanitazama.
Hapo Ssebuliba atakata milioni mbili,
na nisiwadanganye, milioni nazijua,
nalala nazo chini ya paa linalovuja,
na bei ya kitu hiki ingeliezeka paa hilo mara kumi.
Sikusema siuzi. Sikusema nauza.
Boneti ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mwenye homa.

Simu ikalia tena.
"Tunarudi au tunaendelea?" akauliza Kabasinguzi,
amekwisha kuvua viatu.

Mita ilisoma mia nne na arobaini na saba.
Nikaingiza gia ya kwanza.
Saba ikajipindua, polepole,
ikawa nane.