Povu

Jagi la shangazi Masika lina povu moja,
dogo kama punje ya mtama, karibu na sikio.
Fundi alipuliza, akakosea,
pumzi yake ikabaki humo.

Jina lake hatulijui. Chini hakuna muhuri,
ila kovu pale chuma kilipobanduliwa.

Usiku ule lava iliposhuka Birere
shangazi aliacha godoro, cherehani, hata viatu;
jagi akalibeba mgongoni, ndani ya kitenge,
watu wakadhani ni mtoto.

Moto ulilizaa. Moto mwingine, wa Nyiragongo,
ulilikosa kwa hatua kumi na mbili.

Juzi mtoto wa jirani kauliza:
hewa hiyo itatoka lini?

Siku utakayoliangusha, akajibu shangazi,
akampa alishike.