Usiku wa Kuzima Meko

Mkesha wa Bealltainn, meko yote ya Srath Liath huzimwa.
Mama alimimina kata ya maji, akangoja mvuke uishe,
kisha akaweka kiganja juu ya jivu
kama agusavyo paji la mtoto aliyetokwa na homa.
Baridi ya Mei si mchezo huku. Theluji ingali imekalia bega la mlima,
na ng'ombe, mbavu nje, wamekinai nyasi kavu za zizini.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikabidhiwa chungu kitupu
cha kupokelea moto mpya, nikaambiwa nisikiangushe.

Kilimani wanaume walivua mikanda, visu, funguo;
viatu vyenye misumari vikapangwa kwenye umande,
kwani chuma hakitakiwi pale.
Baba yangu, Gilleasbuig, alishika ulindi.
Uwimbombo ulikuwa wa mwaloni.
Wakapekecha.
Wakapokezana, wakapekecha,
viganja vikachubuka, mti ukalia kama mlango wa zizi,
ukanuka moshi, na moshi wenyewe ukagoma kutoka.

Mtu akasema, chini kwa chini:
"Kuna nyumba inayowaka."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.
Kila mmoja alitazama bondeni, paa lake mwenyewe.

Mimi nilijua.
Jioni ile nilipeleka mayai kwa Oighrig.
Meko yake yalikuwa yamelowa, sawa,
lakini nyuma ya pipa la siagi, ndani ya sufuria yenye kifuniko,
kaa moja lilikuwa limelala katika jivu,
jekundu kama jicho lililokesha.
"Aliuwasha Tormod," aliniambia, "alfajiri aliyopanda meli ya Kanada.
Miaka kumi na mmoja naufunika usiku, naufunua asubuhi.
Kila Bealltainn nawaficha kaa moja,
na kila Bealltainn mti wenu unawaka.
Haya, nimemharibia nani?"
Sikuwa na jibu. Nilihesabu mayai upya.

Sasa nilisimama na chungu changu, ulimi mzito mdomoni.
Ningesema, angetengwa. Nisiposema,
ng'ombe wangepanda malishoni bila kupita motoni,
na mwaka huo tayari tulikuwa tumezika ndama wanne.

Akaja mwenyewe. Hakuitwa.
Alipanda polepole, shali imefunika kitu kifuani,
akapita katikati ya wanaume pekupeku,
akapiga magoti, akafunua sufuria, akaimwaga kwenye nyasi mbichi.
Kaa lilifanya *tss*. Basi. Sauti ndogo kuliko chafya ya paka.
Akajifuta mikono. Akasema, "Pekecheni."

Hadi leo sijui.
Ni kaa lile, au ni Ruairidh,
ambaye wakati sote tumemtumbulia macho mjane
alikuwa ameutoa ulindi uliolowa jasho, akatia mkavu?
Najua tu kwamba uzi wa moshi ulisimama wima,
baba akaupulizia kuvu kavu ya mti wa betula,
na ghafla nyuso zote zikawa na rangi.

Mioto miwili, na ng'ombe katikati, wakilia, macho meupe.
Ciarag wa Oighrig aliunguza ncha ya mkia.
Mkate wa shayiri ulikatwa, vipande vikatiwa kofiani;
kaka yangu akatoa kile kilichopakwa masizi,
akaruka moto mara tatu, akarudi na nyusi moja.
Tulicheka mpaka tukaona haya.

Kaa la kwanza nilipewa mimi, nilipeleke kwake.
Nyumba ilikuwa giza totoro.
Alilipokea kwa mikono miwili
kama unavyompokea mgeni mwenye jina la marehemu wako:
hukumwomba aje, na huwezi kumrudisha.
Nilipofika mlangoni nilimsikia akilichimbia nafasi
katika jivu lile la zamani, akinong'ona:
"Lala hapa. Kitanda bado kina joto."