Mashapo

Pampu ya kwanza niliiua mimi.
Naliandika hili katika daftari la gereji
kwa mkono uleule uliopokea elfu tisini,
ukakaza nati nane, ukarudisha siti ya nyuma,
ukampungia: "Endesha, Mwalimu, imepona."

Tenki sikulichungulia.
Ilikuwa Ijumaa, na Ipuli kulikuwa na harusi.

Wiki tatu tu. Corolla ikarudi Cheyo
ikivutwa kwa kamba ya katani na trekta la tumbaku,
Mwalimu Mlekwa kwenye usukani, mgongo wima,
kama anayesindikiza jeneza la mtu asiyemjua vizuri.
Hakugomba. Afadhali angegomba.
"Ililia kama mbu," alisema, "kuanzia Sikonge.
Halafu mbu akanyamaza."

Safari hii nilianza na betri, waya hasi.
Nikamfukuza Nkwabi na sigara yake hadi ng'ambo ya mtaro.
Watu huogopa tenki lililojaa.
Mimi naogopa tupu,
lile lenye pumzi ya petroli tu tumboni
na subira.

Mpira mdomoni, nikavuta, nikatema.
Lita kumi na moja zikashuka kwenye dumu,
nyekundu kama chai ya rangi.
Nikalegeza mikanda nikiwa chali chini ya gari,
tenki likanilalia kifuani,
nikalikumbatia kama mgonjwa anayehamishwa kitanda.

Soksi ya pampu, kile kichujio chake,
pampu yenye umri wa siku ishirini na mbili,
ilikuwa nyeusi, imekakamaa,
mguu wa mtoto aliyeshinda matopeni.

Nikaingiza mkono.
Kutu, magamba kwa magamba.
Mchanga.
Tope laini kama ulezi uliosagwa mara mbili.
Na kitambaa.

Kipande cha kanga, upana wa kiganja,
kimelewa mafuta, rangi zote zimekimbia,
herufi sita tu zimegoma kuondoka:
TUTAFI

Mwalimu alikitazama muda mrefu.
"Nyamizi alichujia asali kwa hicho," akasema.
"Njiani Ipole, tukinunua petroli ya chupa,
alikitandika juu ya mrija, akamimina polepole.
Aliniambia mafuta ya barabarani
hayana tofauti na asali ya mtu usiyemjua:
chuja kwanza, sifu baadaye.
Siku moja nilimimina mimi, nina haraka.
Kikazama.
Alipokiuliza nikamwambia kimechukuliwa na upepo.
Akakitafuta vichakani, Bwana Fundi,
nusu saa nzima, na jua lile.
Nami nimekaa garini, nimewasha redio."

Kisha akanyamaza. Nyamizi alizikwa mwaka juzi,
hilo mji mzima wa Cheyo unalijua.

Nikasema: "Pampu ya kwanza niliiua mimi.
Sikuosha."
Akasema: "Najua. Ndiyo maana nimerudi kwako."
Mpaka leo sijaelewa alichomaanisha.

Tuliosha siku mbili.
Maji moto, sabuni ya unga,
mnyororo wa baiskeli ndani, mimi huku, Nkwabi kule,
tukilitikisa kama watu wanaogombea godoro.
Suuza. Tikisa. Suuza.
Kutu ikatoka nyekundu, ikatoka kahawia,
ikatoka rangi ya maji ya mchele,
mpaka leso yangu nyeupe ikaingia na kurudi nyeupe.
Tukaliacha juani, mdomo wazi,
likauke hadi kwenye kona zake za siri.

Pampu mpya, oringi mpya, kwa fedha yangu.
(Nkwabi ameniita mjinga. Iandikwe.)

Nilimpa Mwalimu ufunguo, nusu zamu, asiwashe.
Tukasikiliza.
Mlio mwembamba, sekunde mbili,
kisha kimya cha kitu kilichoshiba.

Kitambaa alikuwa amekifua kwenye beseni langu,
akakianika kwenye waya wa uzio.
Kilikauka bila kuacha harufu ya petroli.
Akakikunja, akakitia katika boksi la chaki,
akaondoka kwa gia ya kwanza,
akamwacha mbu wa watu wengine
akilia gerejini.