Saba, Nne, Matope, Mbili

Ujumbe umeingia nikisugua beseni,
lile lile alilolalia wiki tisa.
"Bi Mwanakombo, mimi Kitsao, karani wa makontena hapa Kipevu.
Nimemwona ndege wako. Ana pete mguu wa kulia."

Wangu?
Nauliza nambari.
"Saba. Nne. Halafu matope. Halafu mbili."

Huyu kazi yake ni kusoma,
herufi nne na tarakimu saba tangu alfajiri,
bati kwa bati, hakosei;
leo mguu mwembamba kama njiti ya ufagio
umemshinda.

Kwarara wangu ni saba nne sifuri tisa mbili.
Wa Rukiya, yule aliyeokotwa Makupa kalowa oili,
ni saba nne moja tano mbili.
Matope ya Kipevu hayajui nani kamlea nani.

Mwaka jana pete moja ilirudi yenyewe.
Mvulana wa Jomvu aliileta ndani ya kiberiti,
nambari kamili, yang'aa,
pamoja na mguu.
Akataka hela ya soda, nikampa.
Nikajaza fomu. Mahali: chini ya nyaya za stima.
Hali ya ndege:
kalamu ikaganda hapo mpaka wino ukafanya doa.
Ile ilisomeka vizuri.

Basi namwuliza Kitsao: anatembeaje?
(Wangu alikuja na mshipi wa nailoni umemla kidole,
akaenda upande upande kama mtu aliyebeba ndoo moja.)

Alama mbili za buluu. Ameisoma.
Kimya. Labda kreni imeshusha.
Povu linakauka mikononi.

"Anachechemea kidogo. Lakini kamnyang'anya kunguru kichwa cha samaki."

Nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Kwenye tope lile nani hachechemei?

Natoa fomu. Nambari: 74, pengo, pengo, 2.
Mahali: nyuma ya gati, maji yakitoka.
Aliyeona: Kitsao Mumba.
Hali ya ndege: hapa namwuliza yeye,
macho ni yake.
"Andika mzima," anajibu.
"Andika ana njaa, na hadaiwi na mtu."

Nampigia Rukiya.
"Ni wangu huyo!" anasema, hata sijamaliza.
Namwachia.

Nikishakata simu,
simwachii.