Mbayuwayu wa Gdynia

Baba anasema mbayuwayu wamekwisha.
Kiangazi cha tatu hiki, Gdynia nzima hana habari na hata mmoja;
anawalaumu paka, madirisha mapya, serikali.
Na watu wa siku hizi, anasema, wanamung'unya maneno.
Mama akimwambia, "Nimechoka, Bogumił,"
yeye hujibu, "Umetoka wapi?"

Nikampeleka kwa Daktari Szeląg,
ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Kwanza alichungulia kwa taa. Nta hamna.
Kiwambo kinang'aa, kimewambwa sawasawa, hakina tundu.
"Mlango mzima," akasema. "Tubishe hodi, tuone nani yumo ndani."

Akagonga uma wa chuma gotini mwake,
akausimamisha mfupani, nyuma ya sikio,
ukavuma, ukavuma, hadi baba akasema umekwisha.
Akausogeza hewani. Baba akautega tena: bado upo!
Hewa imeushinda mfupa; basi njia haina kizuizi.
Akauweka utosini: mlio ukakimbilia kulia,
kwenye sikio lenye nafuu,
kama mtoto anayejua ni nani atakayempa.

Shida, akasema, iko ndani kabisa,
kwenye konokono wa mfupa, mdogo kama punje ya njegere,
amejaa maji, na majini mna vinyweleo
vinavyoyumba sauti ipitapo.
"Ulifanya kazi gani?"
"Nyundo ya upepo. Miaka thelathini na mmoja,
ndani ya matumbo ya meli."
"Masikio mliziba?"
Baba akacheka. "Kwa pamba. Siku ya ukaguzi."
Nyasi ikikanyagwa huinuka.
Hivi vikivunjika, havioti tena.

Wakamfungia kwenye kijumba cha kimya, kitufe mkononi.
Mimi nje ya kioo, macho kwenye dole gumba lake.
Mlio mnene: kabonyeza.
Wa kati: kabonyeza.
Mwembamba: dole limelala.
Msichana wa mashine akaongeza, akaongeza. Limelala.
Kisha, pasipo na mlio wowote, likabonyeza,
likabonyeza tena,
na hapo ndipo nilipojua kuna king'ora kichwani mwake
ambacho hakumwambia mtu.

Karatasi ikatoka. Duara nyekundu za kulia,
misalaba ya buluu ya kushoto,
zinatembea pamoja tambarare, halafu gati limeishia;
zote mbili majini.
"Huko chini," daktari akasema, akiinua sauti kidogo,
"ndiko wanakoishi s, na f, na ch. Na ndege."

Baba kimya. Nilidhani hakusikia.
"Kwa hiyo hawajafa," akasema.

Barabarani nikamshika kiganja.
Kila walipolia juu ya mapaa nikakibonyeza:
mara moja, mara mbili, mara tano kwa mpigo.
"Basi, basi, Jagna," akanipokonya mkono, "watu wanatutazama."

Mbele ya duka la viatu
akanirudishia.